Vyeti Vilivyotiwa Sahihi Nairobi

Pumwani, Nairobi
21 Januari 1963

Bi Mwanarusi,

Nimefika. Treni ilijaa hata nikasimama mpaka Voi, na baridi ya huku imenikamata kifua, lakini shughuli iliyonileta nimeshaianza. Ijumaa nilikwenda Wizara ya Elimu. Wakubwa wamenipokea vizuri, wamesema chuo chetu kitasajiliwa bila matata, ila wanataka niwe karibu kwa miezi michache ili kila karatasi ipite mikononi mwangu. Kwa hiyo nakuachia chuo cha Changamwe chote. Wewe ndiye mwalimu wangu wa kwanza, na hakuna mwingine ninayemwamini.

Darasa lisishuke chini ya watu arobaini. Wakija sitini, wapokee sitini, wapige taipu kwa zamu. Zile barua hamsini za kitabu changu wazitie kichwani neno kwa neno. Mwajiri akimwona kijana anaandika upesi bila kufuta, hana swali tena. Wazungu wanafunga masanduku, Bi Mwanarusi. Kila meza wanayoiacha inataka mtu, na mtu huyo anatakiwa awe na cheti. Huu si mwaka wa kulala.

Mpwa wangu Nyevu, mtoto wa dada yangu Sidi wa Kaloleni, ataanza masomo wiki hii. Umtazame kama wako. Vidole vyake ni vyepesi sana.

Wako,
Erastus Mwarandu
Mkuu wa Chuo


Changamwe
9 Februari 1963

Bwana Mwarandu,

Baada ya salamu, nina jambo ambalo sikutaka ulipate kwa watu wengine.

Wanafunzi wetu kumi wa mwaka jana walikwenda Shimanzi kujaribiwa na ile kampuni ya kupeleka mizigo bara. Tisa wamerudishwa. Nilipowaona pale mlangoni na nguo zao za Idi na za Krismasi, nilisema moyoni kwamba ni ubaguzi tu, najua nawe ungesema hivyo. Lakini sikuweza kukaa. Asubuhi ya pili niliposhuka feri sikupanda basi la kuja Changamwe. Nilikwenda Shimanzi kwa miguu, nikamtaka karani mkuu. Si Mzungu. Ni Mzee Kenga wa Mtopanga, ana miaka ishirini na miwili pale.

“Shikamoo mzee. Wanafunzi wangu wamekosa nini?”

“Marahaba. Keti usome mwenyewe.”

Akanitolea karatasi tisa. Swali lilikuwa moja: mfanyabiashara wa Moshi ameandika kwamba marobota yake ya nguo yamefika yamerowa maji, anataka kujua afanye nini. Wote tisa wamejibu kwa maneno yale yale: “Tumeipokea barua yako ya tarehe nne na tunakushukuru kwa oda yako yenye thamani.” Ni barua ya kumi na nne katika kitabu chako. Hakuna herufi hata moja iliyokosewa.

Mzee Kenga akaniuliza, “Mwalimu wao ni nani?”

“Ni mimi.”

“Basi umefundisha vidole.”

Nilimwomba zile karatasi, akanipa, akasema nikipata mtu anayesoma barua kabla ya kuijibu nimpelekee yeye mwenyewe, atamkalisha kando ya meza yake.

Tangu siku ile sina raha. Nasimama mbele ya darasa nasikia mashine zinalia zote pamoja, na malori ya mafuta yanapita nje yanatikisa madirisha, najiuliza tunafanya nini humu. Nataka ruhusa ya mambo mawili. La kwanza, tuache kukariri. La pili, tumlete Babu Matano, jirani yangu wa Likoni, aliyekuwa karani wa kuhesabu shehena gatini kwa miaka thelathini. Cheti hana. Lakini hakuna mzigo uliopata kupotea Kilindini asijue ulipotelea wapi.

Nakusubiri.

Mwanarusi binti Mwidani


Pumwani, Nairobi
20 Februari 1963

Bi Mwanarusi,

Hapana, kwa yote mawili.

Wizara ikija kukagua, jambo la kwanza itataka kuona karatasi za walimu. Nitawaonyesha nini? Mzee wa gatini na msuli wake? Sisi tunajenga chuo cha biashara, hatujengi baraza la kahawa. Tena huyo Kenga ni mtu mmoja tu. Kampuni ziko nyingi.

Kuhusu kukariri, hata mimi nilijifunza hivyo, na nimefika nilipofika.

Hukuniandikia idadi ya wanafunzi. Ni wangapi?

E. Mwarandu


Changamwe
15 Machi 1963

Bwana Mwarandu,

Barua yako ilifika wiki moja baada ya Babu Matano kuanza. Sikukungojea. Hilo ni kosa langu, nalikubali, lakini sikumwondoa.

Ungemwona siku ya kwanza. Aliingia na gunia tupu lililotoboka pembeni, akalitupa juu ya meza. Akasema, “Yeo hatuandiki kitu. Gunia hili lilitoka Bombay limejaa mchele, limefika kwa mwenyewe halina kitu. Limetobokea wapi? Melini, gatini, au ghalani? Na nani alipe?” Basi, pakawa kelele. Mmoja anasema melini. Babu anamuuliza, “Umejuaye? Karatasi ya meli yasemaje?” Hana. “Basi nenda kaitafute, wacha kusema.” Saa mbili nzima hakuna aliyegusa mashine. Jioni walikuwa wanaendelea kubishana kituo cha basi.

Siku ya nne ndipo walipoandika barua. Zilikuwa mbaya, zimejaa makosa ya Kiingereza, lakini hazikufanana hata mbili. Nilizichukua nyumbani nikazisoma kwenye feri, nikapitiliza na watu wakanicheka kwa kurudi na feri ile ile ng’ambo niliyotoka.

Wengine hawakupenda. Wanasema walikuja kufundishwa taipu, si kuulizwa maswali. Nyevu ni mmoja wao. Ni kweli vidole vyake ni vyepesi, hakuna anayempata. Lakini Babu akimuuliza hujibu, “Sijafundishwa,” kisha huirudia mashine yake.

Kuhusu idadi, nitakuandikia.

Mwanarusi


Changamwe
18 Juni 1963

Bwana Mwarandu,

Umekaa kimya toka Aprili. Barua zangu mbili hazikujibiwa, nikadhani unaumwa. Huku, tangu siku ya Madaraka, watu hawatulii. Kila mtu ana habari ya kazi iliyofunguka mahali. Asubuhi nakuta watu mlangoni kabla sijafungua, wengine si wanafunzi, wanauliza tu cheti kinapatikana kwa muda gani.

Mtihani tumeufanya. Waliofanya ni thelathini na mmoja. Waliofaulu ni kumi na wawili.

Sasa unajua na idadi. Hatuko arobaini tena, na nilikuficha kwa sababu nilijua ungeniamuru nirudi kwenye kitabu.

Nyevu ameshindwa. Taipu amepata kuliko wote. Katika barua aliulizwa juu ya mteja anayetaka mzigo wake usitoke Mombasa mpaka atoe ruhusa, akaandika kwamba mzigo umeshasafirishwa na anamshukuru. Nilimwita, nikamwambia arudie muhula mmoja tu, mimi mwenyewe nitakaa naye. Alilia. Siku ya pili dada yako Sidi alikuja kutoka Kaloleni, akaketi kwenye benchi la nje toka asubuhi mpaka adhuhuri bila kusema na mtu, kisha akaondoka. Wallahi ingekuwa heri angenitukana.

Mwanarusi


Pumwani, Nairobi
24 Juni 1963

Bi Mwanarusi,

Dada yangu ameniandikia. Nimesoma barua yake mara tatu.

Nilikuachia chuo, sikukupa. Watu kumi na tisa wamekaa miezi, wazazi wao wameuza mbuzi na nazi, wewe unawarudisha mikono mitupu mwaka huu, mwaka ambao hautakuja tena! Wakijaza watu wa bara zile kazi, utawaambia nini hawa? Kwamba hawakujua gunia limetobokea wapi?

Na nikuulize jambo, unijibu kweli. Huko Likoni kwenu mna mababu wenye mashamba na majina. Mtoto wa Kigiriama akikaa mbele yako hajui kusema vizuri, unamwona mjinga? Je, mpwa wangu ameanguka mtihani, au ameanguka machoni pako?

Katika bahasha hii mna vyeti kumi na tisa. Nimeshavitia sahihi yangu vyote. Kazi yako ni kuandika majina na kuwapa. Hilo si ombi.

E. Mwarandu
Mkuu wa Chuo


Changamwe
2 Julai 1963

Kwa Mkuu wa Chuo,

Barua yako ya tarehe 24 Juni nimeipokea pamoja na vyeti kumi na tisa. Vimo kabatini. Havina majina na mimi sitayaandika.

Umeniuliza, nakujibu. Katika wale kumi na wawili waliofaulu, saba ni wa kwenu, wa Kaloleni, Rabai na Mariakani. Hesabu hiyo sikuwahi kuifanya mpaka uliponilazimisha, na naona haya kwamba nimeifanya. Binamu yangu wa Mtongwe yumo katika walioshindwa. Mama yake haniamkii.

Mzee Kenga aliwajaribu wawili katika wale waliofaulu na wote amewachukua. Ameniambia sasa akiona cheti cha Chuo cha Mwarandu hahitaji kumjaribu mtu. Nilitaka ulijue hilo kabla hujaamua kunifukuza.

Ukitaka kunifukuza, ufunguo nitamwachia Babu Matano.

Nyevu hajaja darasani wiki nzima. Kama yuko kwako au unajua aliko, tafadhali niarifu.

Mwanarusi binti Mwidani
Mwalimu


Kaloleni
20 Agosti 1963

Mjomba,

Shikamoo. Mama hajui kama nakuandikia. Mwalimu Mwanarusi pia hajui.

Cheti ulichonitumia kutoka Nairobi nilikipeleka Shimanzi kama ulivyoniagiza. Nilifikiri watanijaribu, na nilikuwa nimejiandaa kusema naumwa. Hawakunijaribu. Yule mzee, karani mkuu, alikitazama cheti, akatazama sahihi yako, akacheka kwa furaha, akasema, “Wa Bi Mwanarusi? Keti mwanangu.” Akanipa meza karibu na yake. Mjomba, nilikuwa mtu. Nilikuwa navuka barabara na wale wafanyakazi wengine saa sita, nimevaa viatu vyeupe.

Nilikaa siku kumi na sita. Walisifu mkono wangu. Mzee Kenga akaanza kutia sahihi barua zangu bila kuzisoma, kwa sababu zilikuwa nyingi na hazikuwa na kosa.

Kisha ikaja barua kuhusu makasha ya dawa ya kuchanja ng’ombe. Daktari wa mifugo aliandika kwamba makasha yasiondoke chumba cha barafu cha bandarini mpaka atume watu wake na lori lao la baridi. Mimi niliona jina, niliona namba, niliona neno la safari. Vidole vikaenda vyenyewe. Nikaandika kwamba yatasafirishwa mara moja na tunamshukuru, na nikaandika hati ya kwenda stesheni. Mzee akatia sahihi zote mbili. Makasha yakapakiwa behewa la kawaida na mizigo mingine, yakakaa Tororo, Uganda, siku tano juani. Yote yameharibika. Wanasema huko yalikokuwa yakienda ng’ombe wanakufa kila siku, na dawa nyingine haiji mpaka meli ya Oktoba.

Mkubwa wa kampuni alipotuita ndani, mimi niliulizwa swali moja. “Uliisoma barua hii?” Nikasema niliiona. Yule mkubwa akasema, “Sikukuuliza kama uliiona.”

Tumefukuzwa wote wawili, mjomba. Mzee Kenga alichukua kofia yake na kikombe chake cha chai. Nilimfuata mpaka nje nikamwambia cheti si cha kweli, mwalimu alikataa kunipa. Akaniuliza kama nina nauli ya kurudi kwetu. Nikasema ninayo. Akaenda zake.

Mimi sikukuomba cheti kile. Ninakwambia kwa sababu nikilala nasema uliniletea wewe, halafu nakumbuka kwamba nilikipokea.

Mpwa wako,
Nyevu


Pumwani, Nairobi
2 Septemba 1963

Bi Mwanarusi,

Barua hii nimeianza mara nyingi. Kwanza soma karatasi ya pili iliyomo humu, ni nakala. Yenyewe nimeituma leo kwa ile kampuni ya Shimanzi. Nimewaandikia kwamba cheti cha Nyevu nilikitoa mimi, bila mtihani, kinyume cha uamuzi wa mwalimu wangu, na kwamba Mzee Kenga alidanganywa na sahihi yangu. Nimewaomba wamrudishe. Nakala nyingine nimeipeleka Wizarani, kwa hiyo ule usajili sidhani kama tutaupata.

Sasa na lingine. Wizarani nilikwenda siku moja tu, ile ya kwanza. Mkaguzi aliniambia kwamba chuo hakiwezi kusajiliwa ikiwa mkuu wake mwenyewe hajapita mtihani wa walimu wa biashara. Akanipa nafasi ya masomo, miezi minane. Siku zote nilizokuwa nakuandikia habari za wakubwa nilikuwa nimekaa darasani na vijana wa umri wa Nyevu. Ile hati iliyotundikwa ofisini kwangu ndani ya kioo si diploma. Ni karatasi ya kuonyesha kwamba niliwahi kujiandikisha masomo ya barua kutoka Uingereza. Sikuyamaliza. Nilikuwa mpiga taipu wa misheni, mwepesi wa vidole, nikafungua chuo kwa hivyo vidole.

Mtihani wa Aprili nilishindwa. Ndipo niliponyamaza. Unajua nilishindwa nini? Barua za biashara. Msahihishaji aliandika pembeni kwa wino mwekundu: mtahiniwa hajasoma swali. Nilirudi chumbani nikasema ni chuki ya Mzungu. Msahihishaji alikuwa Mluo wa Kisumu, baadaye tulikuja kukutana.

Na miezi miwili baada ya hapo nikakutumia vile vyeti. Nilikuwa na hasira na kila mtu anayeweza kumwambia mwingine kwamba ameshindwa. Yale niliyokuandikia kuhusu Ugiriama na Likoni, niliyajua kuwa si kweli nilipokuwa nikiyaandika. Hilo ndilo linalonikosesha raha kuliko yote.

Nimerudia mtihani mwezi uliopita. Majibu yatatoka Oktoba. Nikifaulu nitakuja. Nikishindwa, sitarudi, na chuo ubadili jina.

Nakuomba kitu kimoja. Wasomee wanafunzi barua hii, yote, darasani. Waijue kutoka kwako kabla hawajaisikia sokoni.

Erastus


Changamwe
19 Septemba 1963

Bwana Mwarandu,

Nimeichelewesha barua hii makusudi ili nije na habari kamili.

Kampuni imemrudisha Mzee Kenga. Lakini hawakumrudisha mezani kwake. Wamempeleka ghala la nyuma, kuhesabu makasha, chini ya kijana ambaye yeye mwenyewe alimfundisha kazi. Nilikwenda Mtopanga kumwangalia. Mkewe alinikaribisha chai. Yeye alitoka kwa mlango wa uani, na nilikaa mpaka chai ikapoa bila kumwona. Nimepanga kwenda tena Ijumaa. Sijui kama ataniona hiyo Ijumaa, au nyingine.

Nyevu amerudi. Alikuja peke yake, asubuhi, akaketi mstari wa mbele kabla wenzake hawajafika. Sikumuuliza kitu. Babu Matano alipoleta kesi ya siku ile akamuuliza yeye kwanza, nikataka kumkataza, lakini alijibu. Alijibu polepole kabisa. Alisema, “Naomba niisome tena.” Babu akamwambia, “Soma, mwanangu. Meli ingali nangani.” Darasa zima lilimngojea. Sasa anaandika kwa kusitasita mpaka ninaona huruma, mashine yake inalia neno moja, inanyamaza.

Habari za vyeti zimeenea, kama ulivyodhani. Tumebaki kumi na wanne. Mkaguzi alikuja Jumanne, kijana mpole, akakaa nyuma katika somo la Babu masaa mawili. Mwisho akamuuliza amesomea wapi. Babu akasema, “Gati namba tatu.” Mkaguzi aliandika, sijui aliandika nini. Amesema tuna muda mpaka Januari kupata mkuu mwenye sifa, la sivyo tufunge. Vile vyeti kumi na tisa vya kabatini nilimkabidhi, akavikata mbele yangu.

Ofisi ya bandari imeniita kazi mara ya pili. Ni kazi nzuri na kuna pensheni. Sijajibu. Naamka nikiwa nimekubali, feri ikifika upande wa pili nimeshakataa, na kurudi jioni ni hivyo hivyo.

Ile hati yako ya kwenye kioo, Bwana Mwarandu, niliisoma wiki niliyoanza kazi. Kiingereza nakijua. Nilinyamaza kwa sababu nilitaka kazi, na kila nilipopita chini yake miaka hii miwili nilijua na nikanyamaza. Kwa hiyo usidhani uliyeficha ni wewe peke yako. Kama ningesema siku ile, pengine Mzee Kenga angekuwa mezani kwake.

Usingoje majibu ya Oktoba. Kufaulu kwako au kushindwa kutamhusu mkaguzi. Hawa kumi na wanne wanataka kukuuliza maswali yao wenyewe, na Nyevu analo lake. Sijawasomea barua yako. Nimeirudisha ndani ya bahasha hii, kwa sababu ni mkono wako na ni wewe wa kuisoma. Darasa linaanza saa mbili na nusu.

Mwanarusi